Mateso ya Ituri yamo katika majarida ya dunia, lakini nani anayasoma Bunia?

Mwaka 2009, jarida moja la Marekani la madaktari wa watoto na vijana lilichapa matokeo ya utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za Ituri. Wanafunzi 1,046, wenye umri wa miaka 13 hadi 21, walijibu maswali kuhusu mambo waliyoyapitia wakati wa vita. Asilimia 95 walisema walipatwa na tukio moja la kutisha au zaidi. Kwa wastani, kila mmoja alikuwa amepitia matukio karibu matano. Zaidi kidogo ya nusu yao, asilimia 52.2, walikuwa na dalili zinazofikia kipimo cha ugonjwa wa kiwewe, ule ambao wengi hapa huuita tromatisme.

Makala hiyo ilisainiwa na watu wanne: Cindy Mels, Ilse Derluyn, Eric Broekaert na Yves Rosseel. Wakati huo wote walikuwa wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji.

Tangu siku ile, kila mtafiti anayeandika juu ya vijana na vita katika Kongo hukutana na takwimu hizo na kuzitaja. Kila zinapotajwa, jina la mwandishi huongezewa alama moja katika daftari kubwa la sayansi duniani. Vijana waliojibu maswali leo ni watu wazima, na wengi wao wana watoto. Ni wachache mno kati yao ambao wamewahi kushika makala hiyo mkononi.

Hapo ndipo lilipo swali. Katika vyuo vikuu vya dunia, mtafiti wa psikolojia au wa picha za ubongo hupimwa kwa idadi ya makala zake na kwa mara ambazo wenzake wamezitaja. Kwa hesabu hiyo hupewa kazi, cheo na pesa za utafiti. Lakini je, hesabu hiyo inasema lolote kuhusu faida iliyowafikia wakaaji wa Bunia, Djugu, Irumu au Mahagi?

Alama za mtafiti zinahesabiwa vipi

Desturi ya kuhesabu ilianza na Mmarekani Eugene Garfield, ambaye mwaka 1964 alitoa orodha kubwa ya kuonyesha makala gani ya sayansi imetajwa na makala gani nyingine. Lengo lilikuwa kuwasaidia watafiti wafuate wazo kutoka kazi moja hadi nyingine, kama mtu anavyofuata nyayo njiani. Mwaka 2004 kampuni ya Google ilifungua Google Scholar, na hesabu hizo zikawa wazi kwa yeyote mwenye intaneti.

Mwaka uliofuata, mwanafizikia Jorge Hirsch wa California alipendekeza kipimo kifupi kinachoitwa h. Hesabu yake ni rahisi. Mtafiti mwenye makala 10 ambazo kila moja imetajwa mara 10 au zaidi, h yake ni 10. Akifikisha makala 50 ambazo kila moja imetajwa mara 50 au zaidi, h yake ni 50. Anayeandika nyingi ambazo hakuna anayezisoma hapandi. Na anayeandika moja tu, hata ikiwa maarufu sana, naye hapandi.

Kipimo kilipendwa kwa sababu ni nambari moja tu. Kwa sababu hiyo hiyo kimelalamikiwa. Mwaka 2012 wanasayansi waliokutana San Francisco walianzisha azimio la kuomba vyuo viache kumpima mtafiti kwa sifa ya jarida alilochapa, na badala yake visome kazi yenyewe. Nambari haiwezi kusema kama makala ilitajwa kwa kusifiwa au kwa kupingwa. Wala haisemi kama wale walioandikwa ndani yake walinufaika.

Profesa wa vidole na wa vita

Mfano unaoeleweka vizuri huku mashariki mwa Kongo ni ule wa Thomas Elbert, mwanasaikolojia Mjerumani wa Chuo Kikuu cha Konstanz. Makala zake ni mamia, na zimetajwa maelfu ya mara. Ukiitazama orodha yake, utaona nusu mbili ambazo mtu angedhani ni za watu wawili tofauti.

Nusu ya kwanza inahusu ubongo na mashine. Mwaka 1995, yeye na wenzake walichapa katika jarida la Science utafiti juu ya watu tisa wanaopiga vyombo vya muziki vya nyuzi. Waliwalinganisha na watu sita wasiopiga. Walikuta kwamba sehemu ya ubongo inayopokea habari kutoka vidole vya mkono wa kushoto, yaani mkono unaobonyeza nyuzi, ilikuwa pana zaidi kwa wapiga muziki. Waliojifunza wakiwa wadogo ndio waliokuwa na tofauti kubwa zaidi. Kazi hiyo ya kurasa tatu imetajwa zaidi ya mara elfu moja, kwa sababu ilionyesha kwamba ubongo wa binadamu hubadilika kufuatana na anachokifanya.

Mwaka huo huo jarida la Nature lilichapa kazi nyingine ambayo Elbert alishiriki, ikiongozwa na Herta Flor. Hiyo ilihusu watu 13 waliokatwa mkono. Walioendelea kusikia maumivu makali katika mkono ambao haupo tena ndio ambao ramani ya ubongo wao ilikuwa imehama zaidi. Kwa jimbo kama Ituri, ambako watu wamepoteza mikono kwa panga na kwa risasi, jambo hilo si la maabara tu. Linamwambia mgonjwa kwamba maumivu yake ni ya kweli, na kwamba hakurogwa wala hajawa mwendawazimu.

Lakini sayansi haikuishia hapo. Mwaka 2013, Tamar Makin na wenzake nchini Uingereza walichapa matokeo yanayoelekea upande mwingine: kwamba kwa wenye maumivu hayo, sehemu ya mkono uliokatwa katika ubongo bado inafanya kazi yake ya zamani. Waliopinga, bila shaka, walilazimika kuitaja makala ya 1995. Katika daftari la hesabu, pingamizi hilo nalo ni alama moja zaidi kwa waliopingwa. Ndiyo maana mtu akisikia kwamba makala fulani imetajwa mara elfu mbili, anapaswa kuuliza: imetajwa kwa kusema nini?

Kutoka Imvepi hadi Goma

Nusu ya pili ya kazi za Elbert inahusu watu waliopitia vita. Pamoja na Maggie Schauer na Frank Neuner, alitengeneza tiba inayotegemea kusimulia maisha. Kitabu chao cha mafundisho kilitoka mwaka 2005. Mgonjwa na msaidizi wake hutandika kamba chini. Kamba ni maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Maua huwekwa mahali pa matukio mazuri, mawe mahali pa mabaya. Kisha, kikao baada ya kikao, mtu husimulia yote kwa utaratibu, msaidizi akiandika. Mwishoni husomewa hadithi yake yote na kukabidhiwa.

Wazo lililo nyuma yake ni kwamba kiwewe huacha kumbukumbu zilizokatika. Mtu husikia mlio wa pikipiki, na mwili wake unakimbia kana kwamba risasi zinalia sasa. Kumbukumbu ya hofu ipo, lakini haina tarehe wala mahali. Kusimulia kwa utaratibu huirudisha hofu mahali pake: ilitokea siku ile, kijiji kile, na imepita.

Jaribio la kwanza kubwa halikufanywa mbali na Ituri. Lilifanywa katika kambi ya Imvepi, kaskazini magharibi mwa Uganda, ng'ambo ya mpaka kutoka Aru, kwa wakimbizi 43 wa Sudani. Matokeo yalichapwa mwaka 2004. Mwaka mmoja baada ya tiba, asilimia 29 tu ya waliosimulia maisha yao walikuwa bado na ugonjwa. Kati ya waliopewa ushauri wa kawaida ilikuwa asilimia 79, na kati ya waliopewa maelezo tu ilikuwa asilimia 80.

Katika eneo hilo hilo la West Nile, kundi lao lilitoa mwaka huo huo matokeo mengine ambayo hutajwa sana. Walihesabu ni matukio mangapi ya kutisha kila mtu aliyapitia. Kati ya waliopitia matatu au chini yake, asilimia 23 walikuwa na ugonjwa wa kiwewe. Kati ya waliopitia 28 au zaidi, wote walikuwa nao. Maana yake ni nzito: hakuna binadamu mwenye moyo wa chuma. Mizigo ikizidi kurundikwa, kila mtu huanguka, awe mwanajeshi, mama wa nyumbani au mchungaji wa kanisa.

Mwaka 2008 walionyesha kwamba hata wasio madaktari wanaweza kutoa tiba hiyo. Katika kambi ya Nakivale, wakimbizi waliofundishwa kazi ndio waliowasaidia wakimbizi wenzao Wanyarwanda na Wasomali. Utafiti huo ulihusu watu 277. Mwaka 2011 jarida kubwa la madaktari la Marekani, JAMA, lilichapa matokeo ya vijana 85 wa kaskazini mwa Uganda waliowahi kuwa askari watoto. Huko pia waliofanya kazi walikuwa watu wa mahali pale.

Kisha kundi hilo lilifika Kivu. Huko lilihoji wapiganaji waliotoka porini, na likachapa kazi kadhaa kuanzia mwaka 2012. Moja iliyotoka 2013 ilitofautisha waliochukuliwa kwa nguvu na waliojiunga kwa hiari. Kwa waliolazimishwa, kadiri walivyofanya ukatili mwingi ndivyo dalili za kiwewe zilivyozidi. Kwa waliojiunga wenyewe, uhusiano huo haukuonekana. Watafiti hao wanaeleza pia jambo ambalo wakaaji wengi wa vijijini hulijua bila kusoma: baadhi ya wapiganaji huanza kupata raha katika kupigana, na raha hiyo huwarudisha porini hata baada ya kukabidhi bunduki.

Kazi hizi za Kivu zimetajwa mara chache sana ukizilinganisha na ile ya vidole vya wapiga muziki. Kwa daftari la dunia, ni ndogo. Lakini kwa jimbo ambalo lilishuhudia vita vya 1999 hadi 2003, ambalo askari wake watoto ndio waliompeleka Thomas Lubanga gerezani kwa hukumu ya mahakama ya The Hague mwaka 2012, na ambalo Djugu yake iliwaka upya mwishoni mwa 2017, hizo ndizo kazi zenye uzito.

Picha za ubongo: zinaonyesha nini, zinaficha nini

Watu wengi huamini picha ya ubongo kuliko maneno ya mgonjwa. Picha ina rangi, inatoka kwenye mashine, na mashine haidanganyi. Watafiti wenyewe wanajua kwamba mambo si mepesi hivyo.

Elbert na wenzake hutumia mashine inayopima nguvu ndogo sana za sumaku zinazotoka kichwani wakati chembe za ubongo zinafanya kazi. Vipokezi vyake kwa kawaida hupozwa kwa heliamu ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, ndani ya chumba kilichofungwa ili sumaku za nje zisiingie. Mwaka 2007 walichapa utafiti uliolinganisha watu 97 walionusurika vita na mateso na watu 97 wengine wasio na ugonjwa huo. Mawimbi ya ubongo ya makundi hayo mawili yalitofautiana. Kwa maneno mengine, kiwewe huacha alama inayopimika.

Hata hivyo, mashine nyingine maarufu, ile inayopiga picha za damu inavyokwenda ndani ya ubongo, imewahi kuaibisha watumiaji wake. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake waliweka samaki mfu ndani ya mashine hiyo, wakamwonyesha picha za watu, kisha wakachambua matokeo kwa njia ya haraka ambayo baadhi ya watafiti walikuwa wakiitumia. Picha ikaonyesha "kazi" katika ubongo wa samaki yule. Sababu ni ya hesabu. Picha moja ya ubongo hugawanywa katika maelfu ya vipande vidogo. Ukiuliza kila kipande swali, vingine vitajibu ndiyo kwa bahati tu. Asiyerekebisha hesabu yake ataona uhai mahali pa kifo.

Mwaka 2016, watafiti Anders Eklund, Thomas Nichols na Hans Knutsson walichukua picha za watu 499 wenye afya na kuzijaribu kwa programu zinazotumika zaidi duniani. Mahali ambapo makosa yalipaswa kuwa asilimia 5, kwa hali fulani yalifika hadi asilimia 70. Onyo hilo liligusa kazi nyingi zilizokuwa zimetajwa kwa miaka.

Kuna kasoro nyingine inayotuhusu zaidi. Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan waliwakumbusha wanasayansi kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makubwa ya psikolojia walitoka katika nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Vitabu vinaposema "binadamu hufikiri hivi," mara nyingi vinamaanisha mwanafunzi wa chuo Marekani au Ulaya. Mkulima wa Mahagi, mchuuzi wa soko kuu la Bunia, mchimba dhahabu wa Mongbwalu, hawamo katika hesabu hiyo.

Majina yanayokosekana

Watafiti wa Ghent walifanya kazi ambayo Ituri inapaswa kuishukuru. Mwaka 2010 walichapa jinsi walivyorekebisha vipimo viwili vya dalili za akili viende sawa na mazingira ya Ituri, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa cha Kongo, wakishirikiana na watu wa jamii. Maana neno la kizungu linalosema mtu "anasikia huzuni" haliwezi tu kugeuzwa kwa kamusi. Lazima kijana wa Bunia alielewe vile vile mwandishi alivyolikusudia. Mwaka 2014 mwenzao An Verelst aliongoza makala kuhusu wasichana 1,305 wa shule za sekondari za Bunia. Alionyesha kwamba kwa waliofanyiwa ukatili wa kingono, taabu za kila siku na kunyanyapaliwa na majirani vina uzito mkubwa katika afya ya akili. Yaani tiba ya msichana haiko kwa daktari peke yake. Iko pia mdomoni mwa jirani.

Kazi hizo zilifanyika Bunia, kwa maneno ya watu wa Bunia. Lakini ukisoma waliosaini makala ile ya 2009, hakuna jina la Mkongomani.

Si jambo la Ituri peke yake. Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Bethany Hedt-Gauthier ilipitia makala zaidi ya 7,000 za afya kuhusu Afrika zilizochapwa kati ya 2014 na 2016. Asilimia 13.5 hazikuwa na mwandishi hata mmoja wa nchi inayozungumziwa. Pale walipokuwemo watafiti wa vyuo vikubwa zaidi vya Marekani, mwandishi wa kwanza alitoka nchi husika kwa asilimia 23 tu. Na mwandishi wa kwanza ndiye ambaye jina lake hukumbukwa.

Sababu nyingine ni ndogo lakini inauma. Tangu mwaka 1972, wakati Mobutu alipokataza majina ya kizungu, Mkongomani hubeba jina, jina la pili na, kwa wengi leo, jina la ubatizo. Mashine za kuhesabu zilijengwa kwa watu wenye jina moja la ukoo. Mtafiti wetu akisaini leo kwa mpangilio huu na kesho kwa ule, mashine humgawa kuwa watu wawili au watatu, na kila mmoja ana alama kidogo. Mjerumani mwenye jina moja hupata zake zote mahali pamoja.

Lugha nayo ina sehemu yake. Mwanafunzi wa psikolojia wa Kongo huandika kwa Kifaransa. Tangu mageuzi ya 1971, wakati vyuo vyote vilipounganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa, kitivo cha psikolojia na elimu kiliwekwa Kisangani, na vizazi vya walimu na washauri wa mashariki vilipitia huko. Kazi zao za mwisho wa masomo, TFC na zile za lisansi, zimejaa habari za vijiji, za watoto wa mitaani, za wajane wa vita. Nyingi zimelala kwenye rafu, hazina nakala katika intaneti. Kwa daftari la dunia, kitu ambacho hakionekani hakikuandikwa.

Hali imeanza kubadilika

Katika orodha za hivi karibuni za kundi la Konstanz, jina la Amani Chibashimba, anayefanya kazi mashariki mwa Kongo, linaonekana kati ya waandishi. Limo katika utafiti wa 2019 juu ya wanawake waliowahi kuwa katika makundi ya silaha, na katika kazi ya 2022 juu ya njia ya kuponya jamii nzima badala ya mtu mmoja mmoja. Katika njia hiyo, hadithi za waliodhulumiwa na za waliodhulumu husomwa mbele ya jamii, kwa ridhaa yao na bila kutaja majina, ili kijiji kizungumze juu ya kilichotokea.

Katika magonjwa ya ubongo, Ituri imekwenda hatua nyingine. Kifafa ni kingi katika maeneo ya Mahagi yenye inzi wadogo weusi wa mtoni wanaoeneza onchocerciasis, ule ugonjwa wa upofu wa mtoni. Mwaka 2020 jarida la Pathogens lilichapa jaribio lililofanyika katika eneo la afya la Logo, likilinganisha kutoa dawa ya ivermectin mara moja na kuitoa mara kadhaa kwa wagonjwa wa kifafa wenye vimelea hivyo. Mwandishi wa kwanza alikuwa Daktari Michel Mandro, wa idara ya afya ya jimbo la Ituri, akifuatwa na wenzake Wakongomani na wa Ulaya. Kwa mara hii, mtu anayetafuta ujuzi juu ya kifafa cha Ituri anaanza kwa kutaja jina la Ituri.

Hata mashine zinashuka bei na ukubwa. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha mashine ndogo ya kupiga picha ya ubongo inayosukumwa kwa magurudumu na kuchomekwa kwenye umeme wa kawaida. Nguvu yake ni ndogo, tesla 0.064, wakati nyingi za hospitali kubwa zina 1.5 au 3, na picha yake si safi kama zile. Lakini inaonyesha kwamba siku si nyingi kupiga picha ya ubongo hakutakuwa kazi ya nchi tajiri tu.

Mwanafunzi wa Bunia afanye nini

Kuna mambo ambayo hayagharimu pesa, isipokuwa mega za simu.

La kwanza ni kuchagua namna moja ya kuandika jina na kuishika maisha yote. Tangu 2012 kuna pia nambari ya bure iitwayo ORCID, yenye tarakimu 16, ambayo humtambulisha mtafiti hata majina yake yakipinduliwa.

La pili ni kujua kwamba makala nyingi zilizotajwa hapa ni za wazi. Ile ya Verelst kuhusu wasichana wa Bunia, ile ya West Nile na ile ya mawimbi ya ubongo ya watu 97 husomwa bila kulipa. Kwa zile zilizofungwa, Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2002 mpango wa Hinari, unaofungua maelfu ya majarida bure kwa vyuo na hospitali za nchi maskini, Kongo ikiwemo. Anayepaswa kuandikisha ni taasisi, si mtu mmoja. Kwa hiyo mwanafunzi ana haki ya kuuliza maktaba ya chuo chake: je, sisi tumejiandikisha?

La tatu linawahusu viongozi wa jimbo na kamati za maadili. Mtafiti wa kigeni akija kuomba ruhusa, waweza kumwekea masharti mawili mepesi: mtafiti wa hapa awe mwandishi pamoja naye tangu mwanzo, si mkusanya majibu tu, na muhtasari wa matokeo urudi kwa Kiswahili katika shule au kijiji kilichojibu maswali.

Faida yake si heshima tu. Mwezi Julai 2021 serikali iliunda programu ya P-DDRCS ya kuwapokonya silaha na kuwarudisha wapiganaji katika jamii. Atakayeketi na kijana aliyetoka porini Djugu anahitaji kujua kama kijana huyo alichukuliwa kwa nguvu au alikwenda mwenyewe, ni mizigo mingapi amebeba, na kama bado anasikia hamu ya kupigana. Anahitaji kujua pia kwamba tiba iliyosaidia wakimbizi wa Nakivale haikuhitaji mashine ya heliamu wala daktari. Ilihitaji kamba, maua, mawe, kalamu, na mtu aliyefundishwa kusikiliza.

Mambo hayo yote yamekwisha kuandikwa, na mengine yametolewa katika vinywa vya watu wa huku. Yatafutwe, yasomwe, na yawekwe mikononi mwa wanaofanya kazi hiyo Bunia.